Mkono Usio na Haraka

Kimumu, Eldoret
12 Januari 2025

Dada yangu Jemutai,

Kwa niaba ya ukoo mzima wa marehemu Mzee Kipyego, na kwa idhini ya wote waliohudhuria kikao cha dharura jikoni kwangu, yaani mimi na paka, natangaza rasmi ya kwamba jogoo wetu ameacha kuwika saa kumi na moja alfajiri. Tangu Jumatatu anawika saa tatu, akiwa ameshakula. Mtaalamu wa mifugo aliitwa, maana yake mimi mwenyewe nilitoka kwenye duka langu la dawa za mifugo nikamtazama. Hana ugonjwa. Nafikiri ameona saa ninayofungua duka na akaamua kwamba katika boma hili wanaume hawaamki mapema. Familia inaomba maombi yenu.

Sisi wengine ni wazima. Mahindi tumemaliza kuvuna, kifua changu hakijanisumbua msimu huu, na Faith wetu amepata mtu. Anaitwa Nderitu, mwalimu wa hesabu, kijana mpole kiasi kwamba akikusalimia unafikiri anakuomba msamaha. Utamkumbuka mama yake, Mama Wamucii, yule wa duka la Soy aliyekuwa akituuzia daftari na kutukataza kugusa peremende. Watakuja tarehe kumi na tano Machi kwa koito, kuzungumza mambo ya mahari. Nimeelezwa kwamba siku hiyo kazi ya baba wa msichana ni kukaa na uso mzito. Nimeanza mazoezi mbele ya kioo. Paka hajashawishika.

Purity anakusalimu sana, au angekusalimu kama angekuwepo. Unajua tangu Novemba wamemfanya meneja wa kile kituo cha kupozea maziwa, njia ya kwenda Ziwa. Miaka kumi na saba alikuwa mtu wa kupima maziwa ya wakulima, sasa ndiye mkubwa wao, mwanamke wa kwanza, na juu yake kuna bodi ya wazee saba ambao mdogo wao ana wajukuu. Anaondoka kabla jua halijatoka na kurudi chai ya jioni ikiwa imepoa. Anasimamia lita elfu nne kila siku, na juzi mimi mumewe nimekunywa strungi kwa sababu nyumba ya meneja wa maziwa haikuwa na maziwa ya kutia kwenye chai.

Utauliza kwa nini sikukupigia. Kwa simu wewe huuliza maswali kabla sijapanga majibu. Halafu ni sisi wawili tuliokubaliana kwenye matanga ya Mama kwamba tutashika sheria yake: simu ni ya kuuliza kama mvua imenyesha, jambo la maana liandikwe, ili mtu asije akakana. Dennis ataileta hii na lori lake la kabichi.

Ndugu yako, mkubwa kwa umri tu,
Gideon


Lodwar
2 Februari 2025

Ndugu yangu Gideon,

Poleni kwa msiba wa jogoo. Huku joto limefika mahali ambapo mshumaa niliouacha dirishani umeinama kama mtu anayesali. Wavulana ni wazima, suruali za shule zimewaacha juu ya vifundo. Shemeji yako Kipkoech ni mzima pia, shule imefunguliwa na amepewa kufundisha kidato cha nne. Mpe Faith pongezi, mwambie shangazi yake atakuja harusini hata kama ni juu ya kabichi za Dennis.

Sasa jambo lenyewe, na nimengoja watu watoke nyumbani ndipo niliandike. Wiki iliyopita Daktari Nyokabi, ambaye ndiye mkuu wa hospitali yetu, aliniita ofisini. Matron anastaafu. Wanataka mimi nichukue nafasi yake: wauguzi wote na wadi zote, si wadi ya wazazi peke yake. Nimepewa mpaka tarehe thelathini na moja Mei nijibu kwa maandishi.

Gideon, nimeitaka kazi hii tangu nilipokuwa mwanafunzi wa kubeba sinia la sindano. Wewe ndiye mtu wa kwanza kusikia hivyo. Kipkoech nilipomwambia nimepewa alisema, "Fanya unavyoona." Na mwanaume akikwambia ufanye unavyoona, ujue yeye ameshaona.

Hata sasa, kabla ya umatron, nikitoka shifti napika, nafua, nakagua kazi za shule za wavulana, na Kipkoech anasahihisha mitihani mezani akiniuliza chumvi iko wapi. Chumvi iko mahali ilipokuwa tangu tuhamie nyumba hii mwaka wa elfu mbili na kumi na nne. Sina ubaya naye, si mtu mbaya. Lakini nikijumlisha ofisi na haya yote, sioni mahali pa kuweka usingizi.

Kwa hivyo nakuuliza, na usinijibu kwa jogoo. Purity anawezaje? Nani anapika kwako? Nani anafua? Analala? Wewe unafanya nini? Mama alitulea vizuri lakini hakuwahi kwenda kazini, na shangazi yetu, Senge Cherono, hajui ofisi yoyote isipokuwa ya chifu. Sina nyumba nyingine ya kuitazama ila yenu. Nitakachokiona kwenu ndicho kitakachoamua.

Dada yako,
Jemutai


Kimumu, Eldoret
23 Machi 2025

Dada yangu Jemutai,

Koito imepita na sisi bado ni watu wa heshima. Ilichukua saa sita. Uso wangu mzito ulidumu kama dakika arobaini, kisha nikakanyaga ukingo wa zulia mbele ya wakwe nikaangukia mapaja ya baba yake Nderitu. Alinishika vizuri. Nasikia ndipo mazungumzo yalipolainika.

Lakini habari kubwa ni mursik. Tuliwapa wageni mursik kutoka vibuyu vitatu, yale maziwa ya mgando yenye rangi ya wingu la mvua kama ya Mama, laini, hakuna punje ya makaa inayokwama kwenye meno. Mama Wamucii alionja, akafumba macho, akaonja tena. Kisha akasema, "Nimekaa Soy miaka arobaini, nimekunywa mursik ya kila nyumba. Hii imetengenezwa na mkono usio na haraka."

Basi Senge Cherono hapo hapo akasimama. Unamjua, akiwa na umri wa miaka themanini na moja bado husimama kama anayeitwa kupigana. "Mnasikia?" akasema. "Nyinyi mnaosema ofisi inammaliza mwanamke, huyu hapa ni meneja na vibuyu vyake havina ufa." Kina mama wakapiga vigelegele. Kila mtu akamgeukia Purity, naye akainamisha kichwa kwa haya. Mimi wakati huo nilikuwa naangalia dari. Kuna mahali panavuja, itabidi nipazibe.

Kuhusu maswali yako, nafikiri umeshajibiwa. Purity anaweza. Mimi nasaidia hapa na pale. Nina malengelenge mawili kwenye vidole vya mkono wa kulia, lakini hiyo ni hadithi ndefu na haina maana. Chukua kazi hiyo, dada. Huku tumejaa furaha mpaka Faith anaimba akiosha vyombo.

Nimempa Dennis kibuyu kidogo akuletee. Usimwachie Kipkoech chote.

Ndugu yako,
Gideon


Lodwar
19 Aprili 2025

Ndugu Gideon,

Salamu za Pasaka. Sisi ni wazima.

Kibuyu kilifika. Mto ulikuwa umefurika, Dennis akalala Kainuk siku mbili, kwa hivyo mursik ilifika imekomaa zaidi. Nilionja nikakaa chini. Ni ya Mama kabisa. Kipkoech alikunywa vikombe viwili, akapangusa mdomo, akasema, "Na huyu ni meneja." Lililobaki nilijisemea mwenyewe.

Kesho yake Senge akanipigia simu. Alinisimulia koito yote, na alipofika kwenye vibuyu akasema Purity ana mikono miwili kama mimi, kwa hivyo hajui mimi hulalamika nini. Baada ya kukata simu niliiangalia hiyo mikono yangu.

Nilijaribu, usifikiri sikujaribu. Wiki tatu nimeamka saa kumi ili nipike cha mchana na cha jioni kabla ya kutoka. Nimefua, nimepiga pasi, nikaweka hata maziwa yagande. Wiki ya tatu nilijikuta nimesimama mbele ya kabati la dawa wadini, ufunguo mkononi, sijui nilifuata nini. Mwenzangu aliniondoa pale kwa upole, kama mtu anavyomwondoa mgonjwa.

Kwa hivyo nimejua. Kazi si kubwa, mimi ndiye mdogo. Nimeandika barua ya kukataa na Jumanne nampelekea Daktari Nyokabi. Nimeiandika mara moja tu, haikunisumbua.

Mpe Purity hongera, ni ya kweli kutoka moyoni. Usinipigie, nitalia na wavulana wako hapa wanasikiliza.

Nilikuuliza maswali matano. Nimerudia kusoma barua yako. Hukujibu hata moja.

Jemutai


Kimumu, Eldoret
4 Mei 2025

Jemutai,

Leo sina tangazo. Watu ni wazima, mvua imenyesha, jogoo yupo. Umekata simu yangu mara nne na Dennis anaondoka kesho, kwa hivyo nakuomba usome mpaka mwisho hata kama umekasirika. Kasirika, lakini soma.

Mursik ile niliitengeneza mimi.

Kibuyu cha kwanza mpaka cha mwisho, pamoja na hicho kilichofika kwako. Purity hakugusa hata kifuniko. Sasa nitakueleza ilivyokuwa, na safari hii nitaangalia karatasi, si dari.

Mwezi wa pili mwanzoni Purity alirudi jioni moja akakaa mezani na viatu miguuni, akalala hapo hapo na kijiko mkononi. Siku hiyo ilikuwa kikao cha bodi. Alikuwa amebeba ripoti ya miezi mitatu, na kabla hajaifungua mzee mmoja akamwambia aanze kwa kuwamiminia chai, kwa kuwa yeye ndiye mama pale ndani. Aliwamiminia. Akasoma ripoti. Akaendesha gari mpaka nyumbani akalala na kijiko. Alipozinduka, neno la kwanza lilikuwa vibuyu. Koito ilikuwa imebaki wiki tano, vibuyu vyetu vilikuwa vimekauka stoo tangu Novemba, na vingine vimeshapasuka. Unajua nyumba inayopokea wakwe bila mursik inavyosemwa, na unajua anayesemwa si baba wa nyumba. Wangesema ofisi imemharibu. Nikamwambia aniachie mimi. Alicheka, akadhani natania, na sina haki ya kumlaumu.

Unakumbuka nilivyokuwa mgonjwa wa kifua nikiwa mdogo. Nyinyi mlikwenda kuchunga, mimi nikabaki na Mama. Nilikuwa nikimshikia kibuyu anapotia makaa ya moto ya mti wa senetwet, yeye anasugua ndani na ule ufagio wake mdogo wa ukindu mpaka makaa yanakuwa unga unaoshika ukutani. Alinifundisha yote: kuosha, kukausha, kusugua, kukung'uta, kungoja maziwa yaliyochemshwa yapoe kabisa. Kisha akaniambia nisiwaambie wenzangu, watanicheka. Nimemtii miaka arobaini na miwili. Hakuna amri nyingine ya Mama niliyoishika namna hiyo.

Nilifanyia kazi hiyo nyuma ya duka, mlango umefungwa, katikati ya dawa za minyoo. Wateja walipoona moshi niliwaambia napulizia viroboto. Kibuyu cha kwanza niliacha kaa likatulia mahali pamoja, likatoboa tundu la kupitisha kidole, na ndiyo habari ya malengelenge. Cha pili kilivuja shingoni. Cha tatu nilimimina maziwa yakiwa bado na moto. Alionja Mabonga, yule fundi wa pikipiki jirani yangu, akasema ni tamu, kwa sababu ni mtu wa adabu. Kesho yake gereji yake haikufunguliwa. Cha nne kilikubali.

Purity alijua, na alifurahi sana. Alitaka awaambie watu mapema. Mimi ndiye niliyemwomba asiseme. Nilimwambia nitasema mwenyewe siku ya koito, nitawachekesha.

Sasa sehemu niliyokudanganya. Senge aliposimama kumsifu, Purity hakuinamisha kichwa kwa haya. Aliniangalia mimi. Alingoja. Ilikuwa zamu yangu ya kusema, na tulikuwa tumekubaliana. Kushoto walikaa wazee wa kwetu, kulia wakwe, na katikati mimi na uso mzito nilioufanyia mazoezi miezi miwili. Nikawaza watakavyosema kwenye matanga na sokoni, Gideon wa vibuyu. Nikaangalia juu. Ndipo akainamisha kichwa. Na dari, dada, haivuji.

Nilijiambia nimemwachia yeye sifa, ni zawadi. Ilikuwa zawadi ya ajabu. Wiki iliyofuata kina mama wa kanisa walimwagiza mursik ya kumpokea askofu. Mama Wamucii akaomba aje afundishwe, yeye na Faith. Mmoja wa wale wazee wa bodi, aliyekuwa kwenye koito, akasema kikaoni kwamba meneja mwenye muda wa vibuyu ana muda wa kusimamia na kituo kidogo cha Soy. Wakampa. Purity akaanza kuamka mapema zaidi ili ajifunze kutengeneza kitu ambacho watu wote walijua anakijua. Mimi nilikuwa namwona, nikageuka upande wa pili kitandani.

Barua yako ya Pasaka ilifika Jumapili iliyopita. Nilimsomea. Nilipomaliza alikwenda kwenye mkoba wake wa kazi akanipa karatasi yake. Ilikuwa ya kujiuzulu. Ilikuwa na tarehe, ilikuwa na sahihi. Hakupandisha sauti. Ungekuwepo ungenielewa, sauti ya chini ni mbaya zaidi.

"Baba Faith," akasema, "mkulima akitia maji kwenye maziwa, hata kikombe kimoja, mimi namrudishia debe lake mbele ya wenzake. Miaka kumi na saba. Wewe umenitia maji mimi mbele ya watu wote, wakaninunua hivyo hivyo. Sasa kila siku nakaa nikingoja nani atakuja na kipimo."

Nilitafuta mzaha, unanijua. Sikuupata.

"Na umemtia na Jemutai," akasema. "Anajipima kwa maji."

Kwa hivyo jana Jumamosi Mama Wamucii alikuja kufundishwa. Alikuja na Senge, maana Senge hakosi mahali penye kusahihisha watu. Faith alikuwepo. Nilimwomba Purity akae kwenye kiti cha mkono, avue viatu, na asinyanyuke hata nyumba ikiungua. Nikajifunga leso yake kiunoni. Nikawasha makaa ya senetwet uani, mlango wa mbele wazi, majirani wote wanaona. Karatasi niliyowashia ilikuwa ile ya kujiuzulu, na ni yeye aliyenipa.

Senge alidhani ni vituko vyangu vya kawaida. "Gideon, mpishe mwenye kazi," akaniambia.

"Senge, mwenye kazi ni mimi. Ile ya koito ni yangu. Ulipomsifu Purity ulikuwa unanisifu mimi, na mimi nikanyamaza kama mwizi."

Nikatia kaa kibuyuni, nikasugua kama Mama, na mkono haukusahau. Faith alikuwa ameziba mdomo. Nilipokung'uta unga Senge alikuja, akaninyang'anya kibuyu, akaingiza pua ndani. Nilisubiri laana.

"Makaa mengi," akasema. "Mama yako hakuwa akiweka mengi hivi." Akakaa kwenye kigoda akanionyesha kiasi. Nusu saa alinionyesha, ananipiga kwenye kiwiko kila nikikosea, na hakuuliza hata mara moja kwa nini ni mimi. Mwisho tu alimtazama Purity pale kitini akasema, "Kwa hivyo wewe umekuwa ukibebeshwa." Ndivyo Senge anavyoomba msamaha. Ukiishi sana unaweza kuusikia mara mbili.

Mama Wamucii naye akatikisa kichwa. "Nilisema ni mkono usio na haraka," akasema. "Ningejua tu ni wa mwenye duka lisilo na wateja."

Purity alicheka mpaka akashika mbavu. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Novemba. Na alasiri hiyo alimpigia mwenyekiti wa bodi simu, akamwambia kituo cha Soy kitafutiwe mtu wake, na kwamba kikao kijacho chai itakuwa kwenye chupa na kila mzee ana mkono. Mwenyekiti alisema watalijadili. Wajadili.

Sasa maswali yako matano. Purity anawezaje? Hawezi. Hakuna anayeweza, mimi nilikudanganya. Nani anapika? Tangu Jumatatu ni mimi, na ugali wangu unaweza kujengea ukuta. Nani anafua? Mimi, tangu mwezi wa pili, ila nilikuwa naanika stoo majirani wasione, ndiyo maana mke wa kaka yako alikwenda kikao cha bodi akinuka dawa ya kupe. Sasa naanika nje. Analala? Leo ameamshwa na jogoo saa tatu. Nimegundua yule ndege hakuwa mvivu, alikuwa anatungoja. Na la tano, mimi nafanya nini: nafanya niliyopaswa kufanya, kwa kuchelewa, nikiomba usinipigie makofi kwa sababu Purity amefanya hayo hayo miaka ishirini na sita na hakuna aliyesimama kwenye koito kwa ajili ya ugali.

Najua Jumanne yako imeshapita. Kama ulipeleka barua ile, nenda ukaiombe. Wakikataa kuirudisha, waambie niliiandika mimi.

Ndugu yako,
Gideon


Lodwar
28 Mei 2025

Kaka yangu Gideon wa vibuyu,

Kwa niaba ya tawi la Lodwar la ukoo wa marehemu Mzee Kipyego, natangaza kwa huzuni kifo cha sufuria yangu kubwa, iliyotuhudumia tangu harusi. Mazishi yalifanyika nyuma ya nyumba. Nitafika huko kwenye chanzo cha kifo, ngoja kwanza nisalimu. Wavulana ni wazima na wanamcheka baba yao. Senge amenipigia. Tulizungumza juu ya mvua dakika kumi, kisha akasema, "Ile habari ya mikono miwili, iache." Nimeuhesabu kuwa msamaha wa kwanza, nabaki na mmoja.

Sasa ukweli wangu, kwa kuwa umenipa wako.

Ile Jumanne nilipeleka barua. Daktari Nyokabi aliisoma, akafungua droo, akaitia ndani, akasema, "Tarehe yako ni thelathini na moja Mei. Leo ni ishirini na mbili Aprili. Hii sijaiona." Nilimkasirikia wiki nzima. Nilitaka mtu aipokee nipumzike.

Dennis alileta yako tarehe tisa. Niliisomea chumba cha mashuka. Nilipofika kwa Mabonga nilicheka mpaka mwenzangu akaja kuangalia. Nilipofika kwenye maji nilikunja karatasi nikakaa juu ya mashuka kidogo. Kisha nikaenda ofisini. Nilipotokea tu mlangoni, Daktari alifungua droo akanipa barua yangu kama mtu anayerudisha mwavuli.

Na hili sikukuandikia. Nilisema Kipkoech alijibu fanya unavyoona. Ni kweli alijibu hivyo. Lakini mimi nilikuwa nimemwambiaje? Nilimwambia nimesimama mlangoni, nikiwa na beseni la nguo, kama mtu anayeleta habari kwamba maji yamekatika. Wewe nilikuandikia kwamba nimeitaka tangu ujana. Yeye hakusikia hivyo kwangu hata siku moja. Basi jioni ile nilimwekea mezani barua zote mbili, yako na yangu ya kukataa, nikaenda kukaa nje.

Alisoma. Alitoka akasimama karibu yangu. "Ulisema umepewa," akasema. "Hukusema unaitaka."

Nikamwambia naitaka.

Siku mbili alizunguka nyumba kama mtu aliyepoteza miwani. Siku ya tatu nilitoka shifti nikaona moshi kutoka barabarani, nikakimbia. Kipkoech alikuwa jikoni, shati limelowa jasho, anapepea moshi kwa daftari la mwanafunzi. Maharagwe yalikuwa yameshika chini ya sufuria kama lami. Chumvi ilikuwa mezani. Alikuwa ameipata mwenyewe.

Hakuniangalia. Aliendelea kupepea, akauliza Gideon alitoboa vibuyu vingapi kabla ya kupata.

"Viwili," nikamwambia. "Cha tatu kilimlaza Mabonga."

Aliitazama sufuria. "Basi bado nina sufuria moja," akasema, "na rafiki mmoja."

Jibu langu nimelipeleka jana, kwa maandishi. Naanza Jumatatu.

Dada yako,
Jemutai